Kupima uimara wa vipuri vya chasisi ya gari la kale: mwongozo kamili

Katika matangazo ya Ford ya miaka ya mwanzo kuna picha ambayo wapenzi wa magari ya kale wanaijua vizuri: ekseli ya mbele ya Model T imesokotwa ikiwa baridi, ikajinyonga mwili mzima, na haijakatika. Ilikuwa namna ya kuisifu feleji yenye vanadiamu (metali inayochanganywa ili kuiimarisha), ambayo Ford aliitegemea sana gari hilo lilipotoka mwaka 1908. Picha inavutia, lakini kwa mtu anayetaka kujua kama ekseli yake itamfikisha salama haisemi mengi. Inaonyesha tu kwamba chuma hicho kinakubali kupindwa bila kukatika ghafla. Barabarani hakuna anayeisokota ekseli. Inapokea vipigo vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa mamilioni, na hivyo vidogo ndivyo vinavyoimaliza.

Mwongozo huu ni wa fundi au mmiliki anayefufua gari la kabla ya mwaka 1930 na anataka kujua kipi kirudi kwenye gari na kipi kiende kwa wauza chuma chakavu. Mfano wangu ni Model T, kwa kuwa yalitengenezwa zaidi ya milioni 15 hadi 1927, vipuri vyake vya zamani bado vinapatikana, na chasisi yake ni rahisi kuielewa. Ukiwa na gari jingine, badilisha vipimo. Utaratibu ni uleule.

Kinachovunja chuma

Chukua waya wa kufungia nondo, uvute kwa mikono miwili. Haukatiki. Sasa ukunje huku na huku mahali pamoja. Baada ya muda mfupi unabaki na vipande viwili. Hukuongeza nguvu, umerudia tu. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa metali. Aliyeipima kwa utaratibu alikuwa August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, kati ya miaka ya 1850 na 1870, kwa sababu ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika bila kuzidiwa mzigo. Alitengeneza mashine za kuzungusha vipande vya ekseli huku vimepindwa, akahesabu mizunguko hadi vilipovunjika. Aligundua mambo mawili ambayo ndiyo msingi wa kazi yetu hapa. Kwanza, mzigo mdogo kuliko ule wa kuvunja mara moja huvunja ukirudiwa vya kutosha. Pili, kwa chuma na feleji kuna kiwango ambacho mzigo ukiwa chini yake, kipande kinaendelea kuzunguka bila kuvunjika. Kwa feleji ya kawaida, safi na iliyong'arishwa, kiwango hicho ni takriban nusu ya nguvu ya kuikata kwa kuivuta.

Sasa ilete hesabu hiyo kwenye gari. Gurudumu la Model T lina kipenyo cha inchi 30, hivyo mzingo wake ni mita 2.39 hivi, na kwa kilometa moja linazunguka mara 418. Habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya shafti, nje ya beringi. Uzito wa gari kwa hiyo unaipinda shafti kidogo muda wote, na shafti inapozunguka, upande uliokuwa unavutika unageuka kuwa unaobanwa. Mzunguko mmoja ni pindo moja kamili, sawasawa na mashine ya Wöhler. Ukifika kilometa 24,000 shafti imekwisha pindwa mara milioni 10, idadi ambayo maabara nyingi hutumia kuamua kwamba kipande cha feleji kimefuzu.

Mwaka 1907 Rolls-Royce walipeleka gari lao la rangi ya fedha, lililokuja kujulikana kama Silver Ghost, kwenye jaribio la maili 15,000 chini ya macho ya klabu ya magari ya Uingereza, likienda na kurudi kati ya London na Glasgow. Maili 15,000 ni kilometa 24,140. Sidhani kama mtu yeyote alikuwa akiwaza mizunguko milioni 10 alipochagua umbali huo, lakini kwa gurudumu la inchi 30 ndiyo inayotoka. Gari lilisimama bila kutakiwa mara moja tu mapema, pale koki ya petroli ilipojifunga kwa mtikisiko, kisha likaenda maili 14,371 mfululizo. Lililonivutia zaidi ni la baada ya hapo: wahandisi wa klabu walilifungua gari, wakapima kila sehemu, na vipuri vilivyohitajika kulirudisha kuwa kama jipya viligharimu zaidi kidogo ya pauni 2. Kuendesha peke yake si kipimo. Jaribio linakamilika gari linapofunguliwa na kukaguliwa.

Hatua ya kwanza: gawa vipuri kwa hatari yake

Usianze na kipuri kilicho karibu na mkono. Anza na vile ambavyo vikivunjika hupati nafasi ya kusimamisha gari: mikono ya usukani, kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) na spindo zake (mashina yanayobeba magurudumu hayo), fimbo yenye umbo la V inayoishika ekseli ya mbele, ekseli yenyewe, kisha shafti mbili za nyuma na habu zake. Kundi la pili ni springi, pingu zake (viungo vinavyozifunga), na magurudumu ya spoki za mbao. Fremu ya chasisi inakuja mwisho, si kwa kuwa haina maana, bali kwa kuwa hutoa ishara mapema kabla ya kushindwa.

Kila kipuri kipe namba na ukurasa wake daftarini. Halafu uamue jambo moja kabla ya kugusa nyundo: hiki ni cha kurudi kwenye gari, au ni cha kuvunjwa? Kipuri utakachokitumia hakifanyiwi jaribio la kuvunja wala la kukichosha, kwa sababu kila mzunguko unaoutumia mezani umeuondoa kwenye maisha yake ya barabarani. Majaribio mazito yafanyie ndugu zake wa toleo lilelile ambao tayari wana kutu au nyuzi zilizoharibika.

Kuna sehemu moja ya Model T ambayo sikushauri uipime kabisa. Ndani ya difu, washa za kubana gia zilitengenezwa kwa babiti, metali laini. Babiti ya miaka karibu mia moja huvunjikavunjika, gia ya shafti kuu inaachana na gia kubwa, na hapo unapoteza mwendo na breki kwa pamoja, kwani breki ya mguu ya gari hilo hufanya kazi kupitia shafti hiyohiyo. Hata kama inaonekana nzima, toa, weka ya shaba nyeusi, endelea na kazi nyingine.

Hatua ya pili: safisha bila kuficha ufa

Loweka kwenye mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya waya ya mkono, ondoa rangi kwa dawa ya kutoa rangi. Usikimbilie kupiga mchanga. Mchanga unaorushwa kwa nguvu hugongagonga uso wa chuma na kufunga midomo ya nyufa, halafu vipimo vyote vinavyofuata vitakuambia kipuri ni kizima. Grainda nayo ni adui, inaacha mikwaruzo ambayo yenyewe huwa mwanzo wa ufa mpya. Ukilazimika kulainisha uso, maliza kwa msasa laini ukisugua kufuata urefu wa kipuri, kamwe si kukikata kwa upana.

Baada ya kusafisha, tazama kwa macho na lensi ya kukuzia kabla ya kifaa chochote. Tafuta rangi ya buluu au zambarau, dalili kwamba mtu aliwahi kukipasha moto kipuri ili akinyoshe. Tafuta alama za tupa mahali pasipo na sababu, maana mara nyingi zimeficha weldingi. Mkono wa usukani uliofuliwa kwa nyundo kisha ukachomelewa siutumii, na simwambii mtu autumie, hata weldingi ikiwa nzuri kiasi gani. Joto limebadilisha chuma pembeni ya mshono na hakuna anayejua kimebaki na nini.

Hatua ya tatu: mlio

Anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole akasikiliza. Ekseli inapimwa vivyo hivyo. Ining'inize kwa kamba, isiguse kitu, ivue bushi na kila kilichofungwa juu yake, kisha igonge kwa nyundo ndogo sehemu mbalimbali. Chuma kizima hutoa mlio mrefu unaofifia taratibu. Chenye ufa mkubwa hutoa sauti fupi, nzito. Mafundi wa reli walifanya hivyo kwenye magurudumu ya mabehewa kwa vizazi.

Mlio mbaya unatosha kukikataa kipuri. Mlio mzuri hautoshi kukikubali, kwa kuwa ufa mdogo wa milimita moja au mbili haubadilishi sauti kiasi cha sikio kuutambua.

Hatua ya nne: mafuta na chaki

Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote kwa gereji isiyo na mashine, na nacho kilitoka kwenye karakana za reli. Kinahitaji mafuta ya taa, mafuta kidogo ya injini, vitambaa safi, spiriti na unga wa chaki.

Changanya mafuta ya taa na mafuta kidogo ya injini, zamisha kipuri humo usiku kucha. Usichemshe mchanganyiko huo juu ya moto. Ukitaka mafuta yaingie haraka, kiache kipuri juani kipate joto kwanza, kisha ukizamishe. Asubuhi kitoe, kifute hadi kitambaa kitoke kikavu, halafu kipanguse mara moja kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Mara moja tu, maana ukisugua sana utayanyonya mafuta kutoka ndani ya ufa unaoutafuta. Koroga unga wa chaki kwenye spiriti uwe kama rangi nyepesi, kipake kipuri tabaka jembamba jeupe, acha spiriti ikauke mbali na moto wowote. Sasa kigonge polepole kwa nyundo ya mbao na usubiri.

Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Ufa mkubwa hujionyesha ndani ya dakika chache, mdogo unaweza kuchukua hadi kesho yake, kwa hiyo usioshe mapema. Doa la mviringo kwa kawaida ni shimo la kutu. Mstari ndio wa kuogopwa, hasa ukiwa umekaa kukata upana wa kipuri.

Angalia zaidi kwenye kona. Ufa karibu hauanzi katikati ya uso laini. Huanza pale umbo linapobadilika ghafla. Kwenye shafti ya nyuma, ni pembe za mfereji wa kii, ile kabari ndogo inayoifunga habu, na tundu la pini ya kufungia nati. Kwenye spindo ya mbele ni pale shina linapokutana na mwili. Kwenye jani la springi ni tundu la senta bolti. Kwenye mkono wa usukani ni shingo, karibu na mpira wa chuma wa kiungo.

Kama upo mji wenye karakana ya ndege au ya reli, waombe wakupimie kwa sumaku na unga wa chuma. Kipuri kinapewa sumaku, na pale penye ufa unga hujikusanya. Kipimo hicho huona hata nyufa ambazo chaki inazikosa, na kwa mikono ya usukani, spindo na shafti ni gharama inayostahili kulipwa.

Hatua ya tano: pima vipimo

Shafti ya nyuma ya Model T ni inchi 1 na 1/16, yaani milimita 27. Ipime kwa mikromita sehemu kadhaa, hasa ilipokaa beringi, kisha iweke kwenye vishikio viwili vya V na uizungushe chini ya geji ya saa (kifaa chenye mshale kinachoonyesha mchepuko mdogo) kuona kama imepinda.

Ncha iliyochongoka inayoingia kwenye habu ina kipimo chake. Paka safu nyembamba ya rangi ya buluu ya mafundi, isukume habu kwa mkono, izungushe kidogo, itoe. Rangi iwe imegusana angalau robo tatu ya eneo, tena kwa kuenea. Ikiwa imegusa ukingo mmoja tu, habu itacheza, kii itabeba mzigo wote, na ufa utaanzia kwenye mfereji. Shafti nyingi zilizokatika zilianzia hapo, kwa nati iliyolegea.

Mbele, pima jinsi kingpini inavyocheza ndani ya bushi zake, kisha mwinamo wake. Kingpini ya Model T iliegemezwa nyuma kama nyuzi 5 na nusu ili magurudumu yajirudishe yenyewe kwenda mbele. Fimbo ya V ikipinda, au ekseli ikifungwa kinyume, mwinamo huo hupotea au hugeuka, na usukani unaweza kujikata wote upande mmoja gari likiwa kwenye mwendo. Hakuna chuma kitakachovunjika hapo, lakini matokeo ni yaleyale.

Ukiweza kupata mashine ya kupima ugumu, itumie mahali pasipobeba mzigo mkubwa. Kipimo cha Brinell, kinachotumiwa tangu 1900, husukuma gololi kwenye chuma na kupima alama iliyobaki. Zidisha namba ya Brinell kwa 3.45 upate makadirio ya nguvu ya feleji kwa megapaskali (kizio cha nguvu kwa eneo). Brinell 230 inakupa karibu 800, na nusu yake, 400, ndiyo kiwango chako cha uchovu kwa chuma kisicho na dosari.

Hatua ya sita: hesabu mzigo

Lipime gari ekseli moja moja kwenye mizani, likiwa na abiria. Tuseme gurudumu moja la nyuma linabeba kilo 250, na kutoka katikati ya gurudumu hadi katikati ya beringi ni milimita 75 (pima la kwako). Kilo 250 ni niutoni 2,450 hivi; zidisha kwa 75 upate niutoni-milimita 184,000. Kwa shafti ya duara, chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe, kisha tena kwa chenyewe, zidisha kwa 3.1416, gawanya kwa 32. Kwa milimita 27 inatoka 1,932. Gawanya 184,000 kwa 1,932: megapaskali 95.

Inaonekana ndogo mbele ya 400. Lakini shimo barabarani huweza kuuzidisha mzigo mara mbili, na kona kali ya mfereji wa kii hukusanya nguvu karibu mara mbili tena. Tumefika 380. Si kila mzunguko unakutana na shimo, ndiyo maana magari haya yalidumu. Ila unaona jinsi nafasi ilivyo finyu, na kwa nini kutu iliyochimba pembeni mwa mfereji inatosha kuiondoa shafti kazini hata kabla haijapata ufa.

Hatua ya saba: mzigo tuli

Springi ya Model T imekaa kwa upana wa gari, moja mbele, moja nyuma. Ifungue jani moja moja, zipime kwa chaki, zipake grisi, zirudishe. Iweke kama inavyokaa kwenye gari, upinde ukitazama juu, iegemeze ncha zake kwenye stendi imara, pima urefu wa upinde wake. Ongeza mzigo katikati hadi mara mbili ya unaobebwa na ekseli hiyo. Mifuko ya saruji inafaa kwa sababu uzito wake unajulikana. Acha saa moja, toa, pima tena. Mara ya kwanza springi ya zamani huweza kushuka kidogo, na hilo si tatizo. Rudia. Ikiendelea kushuka kila mara, majani yamelegea na yanahitaji mhunzi anayejua kuyapasha na kuyatia ugumu upya, au mapya.

Ekseli ya mbele iegemeze mahali pa kingpini, bonyeza kwa jeki ya haidroliki yenye geji pale springi inapokaa, hadi mara mbili ya mzigo wake wa kawaida. Geji ya saa katikati ikirudi sifuri mzigo ukiondoka, ekseli imepita. Isiporudi, imekwisha pinda. Kwa kipuri cha kurudi kwenye gari usizidishe zaidi ya hapo.

Magurudumu ya mbao hayana fomula. Liinue gurudumu, livute na kulisukuma juu na chini, weka sikio karibu. Spoki inayolia inacheza kwenye habu au kwenye rimu. Wapo wanaolowesha gurudumu majini ili mbao zivimbe. Zitavimba, halafu zitakauka na kulegea kuliko mwanzo. Spoki zilizolegea huondolewa.

Hatua ya nane: mashine ya kuchosha shafti

Hii si ya kila gereji. Inafaa kwa klabu ya wamiliki au chuo cha ufundi, hasa unapotaka kulinganisha shafti za zamani na za dukani zilizotengenezwa upya, ambazo ubora wake hutofautiana sana.

Funga shafti kwenye kichwa kinachozunguka na beringi mbili imara, ncha yake ikiwa imetokeza kama ilivyo kwenye gari, na habu ya kweli imefungwa kwa kii na nati. Juu ya habu weka beringi inayobeba ndoano, ndoano inabeba uzito. Mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika itatimiza milioni 10 kwa saa 119, karibu siku tano mchana na usiku. Weka kihesabio, na weka swichi chini ya uzito ili shafti ikikatika uzito uiangukie na umeme uzime. Zungushia yote kizimba cha bamba la chuma. Shafti iliyokatika kwa mizunguko 1,400 haichagui upande wa kurukia.

Anza na uzito unaolingana na mara mbili ya mzigo tuli. Shafti ikimaliza milioni 10, usiipandishie uzito hiyohiyo. Chuma kilichozoeshwa mzigo mdogo huweza kuvumilia zaidi kuliko kawaida, na matokeo yatakudanganya. Chukua shafti nyingine, ongeza uzito, anza upya. Shafti moja inakupa nukta moja tu. Ukipata nukta sita au zaidi kwenye grafu utaanza kuona mstari. Nukta zitatawanyika hata kwa shafti zinazofanana kabisa, ndiyo tabia ya uchovu, kwa hiyo usifute ile inayokuudhi.

Hatua ya tisa: tikisa chasisi nzima

Kipuri kimoja mezani hakijui majirani zake. Kwa sababu hiyo Rolls-Royce walikuwa na mashine ya kutikisa: chasisi ilifungwa mahali pamoja, magurudumu yakakaa juu ya magurudumu ya chuma yenye matuta, na matuta hayo yalipozungushwa chasisi ilirushwarushwa bila kwenda popote. Udhaifu ambao barabara ingeuchukulia miezi kuufichua ulijitokeza kwa muda mfupi. Royce mwenyewe alikuwa na msimamo mkali juu ya viungo vya fremu; alipendelea bolti zenye mwili uliochongoka kidogo, zilizokaa kwa kubana kwenye matundu yaliyolainishwa kwa ukubwa kamili, kuliko ribiti (misumari ya chuma inayofuliwa kichwa pande zote mbili).

Ukitaka ya kwako, pipa zito la chuma lenye tuta la milimita 20, likigonga mara moja kwa sekunde, linatoa vipigo 3,600 kwa saa. Asiyekuwa na nafasi ana rasta za barabarani, zile tulizozoea kuzilaani tukikaribia mji: gari tupu, mwendo mdogo, kwenda na kurudi saa ambayo hakuna msongamano.

Kabla ya kutikisa, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye fremu. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Kwenye ribiti tafuta vumbi la rangi ya kahawia linalotoka pembeni mwa kichwa. Hiyo ni ribiti inayosuguana na fremu hata kama kwa mkono inaonekana imekaza. Ing'oe, weka nyingine.

Hatua ya kumi: barabara, kisha fungua

Endesha kwa vipande: kilometa 10, kisha 50, 200, 800. Baada ya kilometa 50 za kwanza kaza tena nati za habu za nyuma, kwa kuwa habu hukaa vizuri zaidi kwenye ncha ya shafti ikishabeba mzigo. Baada ya kila kipande gusa habu zote kwa mkono kujua ipi imepata joto, angalia mistari ya rangi, pima kingpini. Baada ya kilometa 800 fungua: toa shafti, spindo na mikono ya usukani, rudia mafuta na chaki, linganisha na daftari.

Kitu kikivunjika wakati wowote, usikitupe na usiziunganishe nyuso mbili kuona kama zinakaa, utaharibu ushahidi. Zioshe kwa spiriti, ziangalie kwenye mwanga wa pembeni. Uchovu huacha eneo laini, mara nyingi lenye mistari ya upinde inayopanuka kutoka pointi moja, kila mstari ukiwa mahali ufa ulipopumzika gari lilipopumzika. Pointi hiyo ndiyo chanzo: kona, shimo la kutu, mkwaruzo wa grainda. Eneo lililobaki, lenye chembechembe au lililochanika, ndilo lililokatika mara moja mwishoni. Eneo laini likiwa kubwa na lililochanika dogo, mzigo ulikuwa mdogo na tatizo ni umbo au dosari ya uso. Ikiwa ni kinyume, kipuri kilizidiwa mzigo. Uso wote ukiwa na chembe zinazometa, bila eneo laini kabisa, chuma chenyewe kilikuwa kikavu mno. Hapo shuku mtu aliyekitia moto na kukipoza vibaya.

Vipuri ulivyovikataa usiviweke kwenye rundo la vyuma nyuma ya gereji. Vikate vipande viwili kwa msumeno, kupitia mahali penye ufa, kwa sababu shafti nzima yenye ufa usioonekana ikifika kwa muuza vipuri itasuguliwa, itapakwa rangi, na itauzwa kama ya asili.